Kiti cha Kukunja na Mabega Yaliyokibeba

Historia ya kiti cha kukunja, yaani kiti ambacho miguu yake imeungwa kwa pini au bawaba ili kibanwe na kulazwa bapa pale kisipokaliwa, huelezwa mara nyingi kama historia ya ufundi: nani alibuni kiungo gani, mwaka gani, na kwa mbao au metali ipi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini humsahau mtu ambaye ndiye aliyeamua umbo na uzito wa kiti hicho katika kila zama, naye ni yule aliyekibeba. Kwa sehemu kubwa ya miaka 4,000 ambayo kiti cha kukunja kimekuwapo duniani, aliyekikalia hakuwa ndiye aliyekichukua begani, na kwa sababu hiyo mafundi walijali heshima na raha ya mwenye kukaa kuliko mgongo wa mwenye kubeba. Kiti chepesi cha ufukweni, ambacho mtu hujibebea mwenyewe kutoka nyumbani hadi mchangani, ni matunda ya mabadiliko ya karne moja na nusu iliyopita tu, na hakiwezi kueleweka vizuri bila kuangalia kilikotoka.

Ushahidi wa kale zaidi unatoka Misri, ambako vigoda vya kukunja vilikuwa vikitumika tangu yapata mwaka 2000 kabla ya Kristo. Umbo lake lilikuwa rahisi: fremu mbili za mbao zilizopishana kama herufi X, pini ya metali mahali zinapokutana, na kipande cha ngozi kilichotandazwa juu ili kukalia. Kaburi la Tutankhamun, ambalo Howard Carter na wenzake walilifikia mwaka 1922 katika bonde la makaburi ya wafalme karibu na Luxor, lilikutwa na viti vya namna hiyo ambavyo ncha za miguu yake zimechongwa kwa sura ya vichwa vya bata vinavyouma pau za chini, na mbao zake nyeusi zimetiwa nakshi ya pembe za ndovu. Mbao hizo, ambazo Wamisri waliziagiza kutoka nchi za kusini mwao, wataalamu wengi huzitambua kuwa ni mpingo, mti ule ule unaochongwa hadi leo na Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji. La kushangaza zaidi ni kwamba katika samani za kaburi hilo kimo kiti chenye miguu ya X ambacho hakikunjiki hata kidogo, kwa kuwa fundi aliyagandisha maungio na kukiongezea egemeo la mgongo. Kukunjika kulikuwa kumekwisha kugeuka alama. Mfalme hakuhitaji kiti kinachokunjika, ila alihitaji kionekane kama kile ambacho jemadari huchukuliwa vitani na safarini, kwani mwenye kubebewa kiti alitambulika kuwa ni mwenye amri.

Alama hiyo ilienea mbali. Mwaka 1891, katika kilima cha maziko kiitwacho Guldhøj huko Jutland nchini Denmark, ndani ya jeneza la gogo la mwaloni lenye umri wa zaidi ya miaka 3,300, kilipatikana kigoda cha kukunja chenye mabaki ya ngozi ya fisimaji kwenye sehemu ya kukalia. Huko Roma, kiti kilichoitwa sella curulis, chenye miguu iliyopinda na kisicho na egemeo, kilikuwa cha maofisa wakuu wa dola, wakiwemo makonsuli, na mtumishi ndiye aliyekichukua nyuma ya bwana wake hadi barazani. Nchini China kigoda cha kukunja kiliingia kutoka kwa watu wa nyika za kaskazini na magharibi katika karne ya 2 baada ya Kristo, na kumbukumbu kuhusu wakati huo zinamtaja mfalme Ling, aliyetawala kuanzia mwaka 168 hadi 189, kuwa miongoni mwa walioupenda mtindo huo wa kigeni. Katika enzi ya Song kigoda hicho kiliongezewa mgongo wa mviringo na mikono, kikawa kiti cha safari na mawindo cha wakubwa, na hadi leo Wachina humtaja kiongozi wa kundi kuwa ni mwenye kiti cha kwanza cha kukunja.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wake, nao hauhesabiwi inavyostahili katika vitabu vya historia ya samani. Mbuzi ya kukunia nazi, ambayo hupatikana jikoni kuanzia Lamu hadi Unguja na Pemba na kusini zaidi, ni kiti cha kukunja kwa maana kamili ya neno hilo: mbao mbili zinazopishana na kushikana katikati, moja ikiwa ndefu na kuishia kwenye ulimi wa chuma wenye meno, nyingine ikiwa mguu unaofunguka ili kuipa ile ya kwanza mahali pa kusimama. Mkunaji huikalia karibu kabisa na ardhi, huku sinia au bakuli likikinga nazi iliyokunwa chini ya ulimi, na kazi ikiisha huikunja na kuiegemeza ukutani. Kanuni hiyo hiyo ya mbao kupishana ndiyo iliyomo katika marufaa, yaani kile kilili kidogo cha kuwekea msahafu wakati wa kusoma. Kwa upande mwingine, kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu, kilichotengenezwa kwa mpingo na kutiwa nakshi ya pembe, kilikuwa kiti cha mgeni wa heshima, kipana, kizito, cha kukaa wima mbele za watu. Tofauti kati ya viwili hivyo inafundisha. Mbuzi ni miongoni mwa viti vichache vya zamani ambavyo mwenye kuvikalia ndiye huyo huyo anayevinyanyua, na haikuwa ajabu kwamba ni ndogo, ni nyepesi, na haina pambo lisilo na kazi, ijapokuwa kwa raha ya mgongo haitoi lolote.

Hatua kubwa iliyofuata katika ufundi ilitokana na majeshi ya Ulaya ya karne ya 19, na hasa jeshi la Uingereza nchini India, ambalo maofisa wake walihama kambi mara kwa mara lakini hawakukubali kukaa chini. Kutokana na mahitaji hayo ilizuka biashara nzima ya samani za kambini, yaani vitanda, meza, makabati na viti vilivyoweza kutenganishwa vipande vipande na kufungwa kwenye mifuko au masanduku. Mwaka 1877 Mwingereza Joseph Beverly Fenby alipata hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mbunifu peke yake ruhusa ya kutengeneza na kuuza alichobuni kwa muda maalumu, kwa kiti cha fito zilizokutana kwenye kiungo kimoja na kuning'iniziwa turubai kwenye ncha zake nne. Kiti hicho baadaye kilitengenezwa Italia, na mwaka 1938 wasanifu watatu wa Buenos Aires, Bonet, Kurchan na Ferrari-Hardoy, walikigeuza kuwa kiti cha chuma na ngozi kinachojulikana kama kiti cha kipepeo, ambacho kwa kugeuzwa huko kilipoteza uwezo wake wa kukunjika.

Kiti bora zaidi cha kundi hilo, kwa hoja ya ufundi, ni kile kilichopewa jina la Roorkee, mji wa kaskazini mwa India uliokuwa makao ya kikosi cha wahandisi wa jeshi. Kilianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 19, na sifa yake ni kwamba hakina gundi, msumari wala skrubu kwenye fremu yake. Miguu minne imetobolewa matundu yanayopungua upana kuelekea ndani, na pau nne zimechongwa ncha za mviringo zilizochongoka ili ziingie kwenye matundu hayo kwa kusukumwa kwa mkono; kinachozishikilia ni turubai au ngozi iliyovutwa kwa mikanda, pamoja na uzito wa mtu mwenyewe anapokaa. Kwa kuwa maungio hayo hayakugandishwa, kila mguu una uhuru mdogo wa kucheza, na kiti huweza kusimama sawasawa kwenye ardhi yenye mabonde, ambako kiti cha kawaida cha miguu minne kingeyumba. Egemeo la mgongo nalo limefungwa kwa pini moja kila upande, hivyo huufuata mpindo wa mgongo wa mkaaji kadiri anavyojisogeza. Ni vigumu kutaja samani nyingine ya zama hizo iliyofikiriwa kwa makini kiasi hicho.

Pamoja na hayo, kiti hicho kilibebwa na watu. Maduka ya London yaliyowahudumia maofisa na walowezi, likiwemo Army & Navy, yaliuza samani za kambini kwa wasafiri waliokuja Afrika Mashariki, na kutoka Mombasa au Bagamoyo kwenda bara samani hizo zilikwenda kichwani na begani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao mzigo wa kawaida wa kila mmoja ulikuwa paundi 60 hadi 70, yaani karibu kilo 27 hadi 32. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 majeshi yaliwakusanya mamia ya maelfu ya watu kwa kazi hiyo, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ndizo zinazobeba jina la kikosi chao. Mizigo yao mingi ilikuwa chakula na risasi, lakini kitanda, meza na kiti cha ofisa navyo vilikuwamo. Vitabu vinavyosifu wepesi wa samani hizo vinastahili kusomwa na swali la nani aliyezibeba akilini, kwa maana wepesi uliosifiwa ulipimwa na aliyekaa, si na aliyetembea na mzigo kutwa nzima.

Kutoka Afrika Mashariki kiti cha Roorkee kilipita kwenda Ulaya kwa njia isiyotarajiwa. Wamarekani Martin na Osa Johnson, watengenezaji wa filamu walioishi Marsabit kaskazini mwa Kenya kati ya mwaka 1924 na 1927, walichapisha picha za kambi zao, na historia ya usanifu wa Denmark inaeleza kwamba mbunifu Kaare Klint alikiona kiti hicho katika picha zao. Mwaka 1933 alitoa toleo lake, linaloitwa kiti cha safari, ambalo limewapa wabunifu wengi kielelezo cha kufuata. Klint alikuwa pia amebuni kigoda cha kukunja ambacho miguu yake, kikifungwa, hulala pamoja na kuwa ufito mmoja wa mviringo, na mtu anayekumbuka kile kigoda cha Guldhøj hawezi kukosa kuona kwamba Denmark ilikuwa na somo hilo kwa zaidi ya miaka 3,000.

Kiti cha ufukweni, hata hivyo, hakikutoka kambini bali baharini. Meli za mvuke zilipoanza kuvuka bahari kwa ratiba katika karne ya 19, abiria walikaa siku nyingi sitahani, yaani kwenye sakafu ya juu ya meli iliyo wazi kwa upepo, na wengi wa waliokwenda India walipanda na viti vyao wenyewe. Baadaye makampuni yalianza kukodisha viti virefu vya mbao vyenye sehemu ya henzirani na pa kunyooshea miguu, ambavyo vilikunjwa na kuhifadhiwa bahari ilipochafuka. Titanic, iliyozama Aprili 1912, ilikuwa na mamia ya viti hivyo, na mwokaji mikate wake mkuu, Charles Joughin, aliieleza tume ya uchunguzi ya Uingereza kwamba alitupa viti takriban 50 majini ili watu wapate cha kushikilia.

Mwaka 1886 John Thomas Moore wa Macclesfield, mji wa wafumaji hariri kaskazini mwa Uingereza, alichukua hataza ya kiti cha kukunja kinachoweza kurekebishwa mlalo wake, na mwaka uliofuata akaanza kukitengeneza. Toleo moja alilitangaza kuwa la kufaa melini na kwenye viwanja vya tenisi. Kiti cha turubai kilichokuja kutawala fukwe za Uingereza ni cha ukoo huo. Muundo wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Fremu mbili za mstatili hupishana na kushikwa kwa pini pande mbili, fremu ya tatu iliyo fupi huegemea kwenye meno yaliyochongwa kwenye mbao, na ukanda mmoja wa turubai huning'inia kutoka upau wa juu kichwani hadi upau wa mbele chini ya magoti. Hakuna mto, springi wala mbao inayogusa mwili. Turubai hujipinda kwa umbo la yeyote anayelala juu yake, na kuhamisha fremu ya nyuma jino moja hubadilisha mkao kutoka kusoma gazeti hadi kusinzia. Kasoro zake nazo ni mbili na zinajulikana sana: kiuno hakipati tegemeo lolote, na mzee aliyezama humo hunyanyuka kwa taabu, maana upau wa mbele humbana mapaja pale anapotaka kusimama.

Kiti hicho kilienea kwa sababu watu walianza kuwa na siku za kupumzika. Reli ilifika Brighton mwaka 1841 na Blackpool mwaka 1846, sheria ya mwaka 1871 ikaweka sikukuu za kitaifa ambazo benki na ofisi zilifungwa, na katika miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire kiwanda kizima kilifungwa kwa wiki moja ya kiangazi na wafanyakazi wakapanda treni kwenda pwani pamoja. Sheria ya mwaka 1938 kuhusu likizo yenye malipo ilipanua mlango huo zaidi. Familia hizo hazikuwa na gari wala mtumishi, na kiti cha mbao na turubai kilikuwa kizito mno kubebwa kwenye treni lililojaa. Jibu lilikuwa kukodi: halmashauri ya mji au mfanyabiashara alikuwa na maelfu ya viti vilivyopangwa ufukweni, na mgeni alilipa peni chache kwa saa au kwa kutwa. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida alikaa katika kiti cha kukunja bila kukimiliki na bila kukibeba mbali, na inafaa kusema wazi kwamba haya yalikuwa mafanikio ya haki kabla ya kuwa mafanikio ya samani. Mfumo huo ulidumu kwa vizazi vitatu au vinne. Mwaka 2014 mji wa Blackpool uliuza viti vyake 6,000 vilivyobaki.

Wajerumani walichagua njia nyingine. Mwaka 1882 Wilhelm Bartelmann, msusi wa vikapu wa Rostock, alimsukia mwanamke mgonjwa wa baridi yabisi kiti chenye paa na kuta ili aketi ufukweni Warnemünde bila kupigwa na upepo, na mke wake akaanza kukodisha viti vya aina hiyo mwaka uliofuata. Kiti hicho bado kimejaa kwenye fukwe za Baltiki na Bahari ya Kaskazini. Kwa raha hakuna kinachokishinda, lakini huhitaji watu wawili kukisogeza.

Kilichomfanya mkaaji kuwa mbebaji ni alumini. Metali hiyo nyepesi ilikuwa imezalishwa kwa wingi kwa ajili ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia, na vita vilipokwisha viwanda vilibaki na alumini nyingi isiyo na mnunuzi. Mwaka 1947 Fredric Arnold wa Brooklyn, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita, alitengeneza kiti cha kukunja cha bomba za alumini kilichofumwa kwa mikanda ya kitambaa, na kufikia mwaka 1957 kampuni yake ilikuwa ikitoa zaidi ya viti 14,000 kwa siku. Uingereza nako mhandisi wa ndege ndiye aliyeleta hatua iliyofuata: Owen Maclaren, aliyekuwa amehusika kubuni magurudumu ya kutua ya ndege ya Spitfire, alibuni kiti cha kukunja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha mwaka 1965 akabuni kigari cha mtoto kinachojikusanya kama mwavuli, pande zote kwa mara moja, badala ya kubanwa bapa. Viti vya turubai ya poliesta vinavyoingia kwenye mfuko mrefu wa kuvaa begani, ambavyo leo vinauzwa kila mahali, vinajikusanya kwa kanuni hiyo hiyo. Mwaka 2012 kampuni ya Helinox ya Korea Kusini, iliyotokana na watengenezaji wa fito za mahema, ilitoa kiti chenye uzito usiofika kilo moja, ambacho fito zake zimeunganishwa kwa uzi wa mpira ndani yake.

Ufukwe una masharti ambayo kambi na bustani havina, na mnunuzi wa leo anafaa kuyajua. Mchanga hauvumilii ncha nyembamba: miguu minne ya bomba hutitia pale mtu anapokaa, nayo haititii sawasawa, hivyo kiti huinama upande mmoja. Kwa sababu hiyo viti vilivyobuniwa kwa ajili ya ufukwe vina kitako cha chini na miguu ya bomba lililopindwa kama herufi U, ili upau mzima ulale juu ya mchanga na kugawa uzito. Chumvi nayo hula chuma haraka, hasa ndani ya bomba ambako rangi haikufika, na alumini, ijapokuwa haipati kutu ya namna hiyo, huliwa pale inapogusana na ribiti au skrubu ya chuma cha kawaida kukiwa na maji ya chumvi. Kwenye kiti cha alumini, ribiti za alumini ndizo za kutafuta. Jua la pwani ya ikweta hudhoofisha nyuzi za poliesta, na turubai ya pamba huoza ikikunjwa mbichi.

Kwa anayefika ufukweni kwa gari na kutembea hatua chache, kiti cha alumini chenye miguu ya U, mgongo mrefu unaorekebishwa kwa meno na mikono migumu ya kujinyanyulia kinafaa zaidi, hata kikiwa na kilo tatu au nne. Anayepanda daladala au matatu na kisha kutembea mwendo mrefu atafaidi kile cha fito za hema, mradi akiwekee kitambaa kipana au vikombe vya miguu chini, vinginevyo kitazama. Cha mfuko wa begani kinafaa nyasini kuliko mchangani. Wazee, na wenye maumivu ya magoti, wasiuziwe kiti cha chini kwa sababu tu kimeandikwa kuwa ni cha ufukweni, kwani kuinuka ni sehemu ya kukaa. Kiti chochote kitakachochaguliwa kijaribiwe dukani kwa kukaliwa kwa muda, kikunjwe na kubebwa na yule yule atakayekitumia, na kila kinaporudi kutoka baharini kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushwe kivulini, ndipo kifungwe.